Vidole vya Wifi

"Pandisheni mikono ya sare," mkufunzi alisema. "Kila mmoja apapase mkono wa jirani yake. Humu hawakosi wenye vijiti vya uzazi wa mpango."

Wauguzi wakacheka, isipokuwa mmoja. Jirani yake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyemwekea kiti tangu asubuhi.

"Lete mkono, wifi. Jana mama kaniuliza tena, mjukuu wake yuko wapi."

Akautoa. Vidole vya wifi, baridi kwa dawa ya kunawia, vilipanda taratibu kutoka kwenye kiwiko, upande wa ndani, hadi penye kovu dogo. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikabonyeza. Chini ya ngozi viliteleza vijiti viwili ambavyo mumewe hakuvijua.

"Huko nyuma vipi, mmepata kitu?" Mkufunzi alikuwa anasogea.

"Hakuna kitu," wifi akajibu, macho yakiwa mezani.

Kisha akapandisha mkono wa sare yake mwenyewe, akaulaza mkono juu ya meza. Upande wa ndani, juu ya kiwiko, palikuwa na kovu dogo kama lile.

"Zamu yako," alinong'ona. "Na wewe jibu hivyo hivyo."