Mkono wa Bisibisi

Kipyegon alifungua skrubu polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na huo upole wake ulikuwa unammaliza Wekoye. Nje ya duka, gari la mjomba wake Wamalwa lilipiga honi tena.

"Si ufungue tu, bana!" Wekoye alisema.

"Hii laptopu ni nyembamba. Ukiilazimisha inavunjika," Kipyegon akajibu bila kuinua macho. Duka hili la kompyuta hapa Kitale lilikuwa lake, na grupu ya WhatsApp iliyowaleta watu wote hawa ilikuwa yake pia.

Katika grupu hiyo, Wekoye, mwalimu wa kompyuta kutoka Bungoma, alikuwa amebishana kwa wiki nyingi na mtu aliyejiita Bisibisi wa Kitale. Ubishi ulikuwa mmoja: hizi laptopu mpya nyembamba na nyepesi, zitakuja na nafasi ya kuongeza RAM, ile kumbukumbu ya mashine, au RAM itachomelewa kwenye bodi vilevile? Wekoye alisema nafasi itarudi, kampuni zimechoka kutukanwa na wateja. Bisibisi alisema wembamba hauji bure. Watachomelea tu, na anayetaka nyongeza atanunua mashine nyingine.

Wangeishia hapo, ingekuwa heri. Lakini Bisibisi alikuwa na tabia ya kumwita "kijana", na Wekoye hakupenda kuitwa kijana mbele ya watu. Jioni moja Bisibisi alipoaga kwamba anakwenda kukamua, Wekoye aliandika: "Nenda, hao ng'ombe ndio saizi ya akili yako." Grupu nzima ilicheka.

Kisha Kipyegon akatangaza kwamba amepata mashine mpya ya aina hiyo, na kwamba Jumamosi ataifungua watu wakiona. Wekoye ndiye aliyeweka sharti. Atakayeshindwa ajitokeze, ampe mwenzake mkono mbele ya wote, na aseme: "Mwalimu, umenifundisha."

Bisibisi akaandika: "Sawa, kijana. Lakini iwe asubuhi. Mchana nina wageni."

Shida ni kwamba Jumamosi hiyohiyo Wekoye alikuwa anapelekwa kwa kina Nangila, njia ya Endebess, kujulishwa kwa wazazi wake kama mchumba, kwa mara ya kwanza. Nangila mwenyewe alikuwa garini na wazee wa kina Wekoye, tayari kuwaonyesha njia. Tangu Bungoma alikuwa akimfunda.

"Baba hana maneno. Mama ndiye wa kuogopa," alimwambia. "Mchumba wa dadangu Lenah alirudishwa mlangoni kwa sababu ya mdomo tu. Sasa wewe, usimwangalie mama usoni. Usimpe mkono; kwa mila, mkwe hamgusi mama mkwe. Mkikutana njiani, unampisha. Hata kama wewe ni mwalimu."

Wekoye alimpenda Nangila hadi kifua kikamuuma. Alijua kabisa kwamba akichelewa leo, huenda akamkosa. Lakini angepita duka hili bila kuingia, Bisibisi angeiambia grupu kwamba mwalimu amekimbia. Hilo hakuweza kulimeza.

Akawaangalia watu waliojaa dukani. Bisibisi ni nani hapa? Labda yule jamaa mwenye koti la ngozi, anayetabasamu peke yake. Labda yule mzee wa miwani. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye gambuti za mpira miguuni, mfuko wa mchele na soda mkononi, akiziba njia.

"Mama, tupishe hapo," Wekoye alisema kwa ukali. "Kuna mtu nangojea apite."

Mama yule akamtazama kidogo, akasogea ukutani.

Honi ikalia tena, ndefu. Simu ikatetemeka mfukoni: Nangila. Wekoye akaikata. Shati alilopigiwa pasi na shangazi yake lilikuwa limeshaloa mgongoni.

"Fungua, Kipyegon. Nakuomba."

Kifuniko kikabanduka. Kipyegon akawasha taa ya simu, akainama, akachungulia ndani muda mrefu kupita kiasi.

"Haya," alisema hatimaye. "Haijachomelewa." Akabana kitu kwa vidole viwili, akakichomoa, akakiinua juu wote waone. "RAM hiyo. Inatoka, inarudi."

Duka likalipuka kwa vifijo. Mtu alimpiga Wekoye mgongoni, mwingine akamrekodi kwa simu. Uchovu wote na woga wote ulimtoka, akajisikia mtu mkubwa.

"Bisibisi!" alipaaza sauti. "Ati mimi ni kijana? Kuja hapa mbele! Kuja unipe mkono, ama umerudi kwa ng'ombe zako?"

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akauacha hewani. Watu wakageuka huku na huku. Jamaa wa koti la ngozi akatikisa kichwa: si yeye. Mzee wa miwani akaangalia nyuma.

Wakati huo Nangila aliingia kwa mlango, amekasirika hasa. "Wekoye, wazee wanaungua huko juani na wewe uko hapa na mambo ya—"

Hakumaliza. Karibu na ukuta, mama mwenye gambuti alikuwa ameweka mfuko wake chini. Alifuta kiganja kwenye leso, akaja taratibu katikati ya watu, macho yake kwa Wekoye tu.

"Mwalimu," alisema, "umenifundisha." Akanyoosha mkono.

Nangila akaudaka mkono wa Wekoye kwa mikono yake yote miwili, akauvuta chini.

"Usimpe," alinong'ona. "Huyo ni mama yangu."