Nati Zilizoliwa Meno

Nati tatu za gurudumu la mbele zilikuwa zimeliwa meno. Justine alizikaza kwa spana, zikazunguka tu bila kushika.

"Tayari, fundi?" aliuliza dereva. "Tunateremka Galula, kwa wakwe."

Wakwe hao nusura wawe wa Justine. Ndani ya gari, mwanamke ambaye Justine alimchumbia kwa miaka mitatu, sasa mke wa dereva huyu, alikuwa akimmenyea mumewe chungwa. Justine aliona wivu. Angeweza kusema ndiyo, na mteremko ungemaliza yaliyobaki.

Aliing'ang'ania spana mpaka vidole vikamuuma.

"Shukeni wote wawili, kaka," alisema. "Nati zinazoingia hapa nitazipata jioni."

Mume na mke wakaketi kwenye benchi la Justine, bega kwa bega. Ilikuwa saa tatu asubuhi.