Jina la Kuitiwa Wali

Huko mjini Hue, kila neno liliandikwa kufuata asili yake ya kale, na neno lisilojulikana asili yake lilikuwa marufuku kuandikwa popote, hata kaburini.

Bi Thoan hakuwa na ugomvi na sheria hiyo mpaka mwanawe alipokufa maji. Alipozaliwa walimpa jina baya la nyumbani, Còi, yaani dhaifu, ili pepo wasimtamani. Na kwa desturi yao, marehemu huitwa kuja kula wali wa kumbukumbu yake kwa jina hilohilo. Basi akaenda kwa mchongaji kutaka kibao chenye jina hilo cha madhabahu ya nyumbani.

"Mama, mashine ya kukagua maneno imelikataa jina hilo," mchongaji alisema bila kumtazama usoni. "Halina asili. Imempa jingine, Minh Đức. Zuri tu."

"Zuri kwa nani? Mwanangu hajawahi kuliitikia!"

"Basi hatakuwa na kibao."

Bi Thoan akakichukua kibao cha Minh Đức. Angefanyaje?

Miaka ikapita. Siku ya kumbukumbu alipakua wali, akaweka yai na vijiti, akawasha ubani. Binti yake Nhàn, ambaye utotoni alimwita kaka yake Còi na hakuwa akishuka mgongoni kwake, akasoma kibao na kumwita Minh Đức aje ale. Bi Thoan akangoja amalize, kisha akainamia bakuli akanong'ona, "Còi, mwanangu, njoo ule."

Nhàn akamshika bega taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mama," akasema, "Còi ndiye nani?"