Kipande cha Yai

Siku ya tatu theluji ilikuwa haijakoma huku Ohio, na mbayuwayu waliorudi juzijuzi na majira ya kuchipua walikuwa wamejikunyata kwenye vibuyu vya viota walivyotundikiwa mlingotini uani. Hapakuwa na mdudu hata mmoja hewani. Ndege wawili walikwisha kuanguka wakafa.

Malinda alisimama chini ya mlingoti na bakuli la yai lililokaangwa, likakatwakatwa. Ndege hawa hawaokoti cha chini; kisichoruka, kwao si chakula. Basi alichota kipande kwa kijiko, akakirusha juu.

Kikaanguka thelujini. Cha pili nacho. Cha ishirini nacho.

"Bibi wee," mumewe akaita kutoka barazani, "unamlisha ndege yai? Si nduguye huyo!"

"Hebu nipishe, mzee. Kama huna kazi, kakamue ng'ombe."

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akarusha tena.

Kitu cheusi kikapita mbele ya pua yake, fyuu! Malinda akaangalia theluji karibu na viatu vyake, akaangalia tena. Kipande hakikushuka.

Mlango wa jikoni ukabamizwa, na sauti ya mumewe ikatoka ndani, ya haraka:

"Mama watoto, mayai mengine umeyaweka wapi?"