Mswaki wa Kabula

"Ni yeye, baba," alisema Daktari Asnath wa maabara. DNA ya mfupa uliookotwa korongoni ilikuwa imelingana na ile ya mswaki wa Kabula, aliyepotea tangu masika.

Mzee Lukonge, msokota kamba, baba yake Kabula, aliitikia kwa kichwa kana kwamba ametajiwa saa.

"Hiyo DNA inasema kama aliogopa?"

"Hapana. DNA hutunza maagizo ya mwili mzima, kwa hiyo inatuambia ni nani tu. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, ndiyo maana imedumu. RNA ndiyo nakala inayopeleka maagizo kazini. Hiyo ingetudokeza mwili ulikuwa ukifanya nini saa ile. Lakini ni uzi mmoja, hukatika upesi. Haikubaki."

Vidole vya mzee vilikuwa vikisokota hewa juu ya paja. Uzi mmoja aliujua. Haufungi hata kuku.

Aliomba arudishiwe mswaki. Nyumbani aliutia katika kikombe cha bati, kando ya wake.

Kesho yake asubuhi alisafisha meno, akasukutua. Kisha akaulowesha na ule wa pili, akaurudisha kikombeni ukichuruzika maji.