Mate ya Baraka

Siku hizi mbegu haioti bila kuvu inayoishi ndani yake, na kuvu haiamki mpaka mkubwa wa nyumba aitemee mate ya baraka. Ikishaamka, mahindi hayaogopi ukame wala viwavi. Mbolea ya dukani tumeisahau.

Alipofariki mama mkwe wangu, Nanzia, nilizitemea mbegu mimi. Zikaoza. Akatema mume wangu, Mbonea. Zikaoza vilevile.

"Kuvu haitutambui," alisema. "Tutakula nini?"

Ndipo binti yetu Nakunda, ambaye bibi yake alimlea kwa kumtafunia chakula, akainamia ungo wa mbegu na kutema kama alivyomwona bibi akifanya. Mahindi yakaota yote, yakastawi mpaka majirani wakaja kutazama.

Tulipovuna nikapika makande, na mtoto nikampakulia wa kwanza. Akaonja, akakunja uso, akaisukuma sahani.

"Mkamwana," aliniambia taratibu, "chumvi umezidisha tena."

Mtu aliyekuwa akiniita hivyo tulimzika nyuma ya nyumba. Nikamtazama Mbonea nikitaka acheke. Alikuwa ameshaweka kijiko chini, ameinamisha kichwa mbele ya mtoto wake.

"Shikamoo, mama."