Namba Iliyofika kwa Wifi

Simu ya Tabu iliibwa, na picha za marehemu mama yake zilibaki kwenye akaunti ya mtandaoni. Ili aifungue kwa simu mpya, namba ya uthibitisho ilipaswa kutumwa kwa mtu ambaye Tabu alimwandikisha zamani kama msaidizi wa akaunti: wifi yake Mize, ambaye sasa hasalimiani naye. Akaenda kupiga hodi.

"Kumbe njia ya huku unaikumbuka," Mize alisema.

Tabu alieleza shida yake, akabonyeza simu yake mpya kuomba namba. Simu ya Mize ikalia.

"Wameandika nisimpe mtu yeyote."

"Mimi ni mtu yeyote, wifi?"

Mize akamsomea tarakimu moja moja.

Mama akatokea kwenye kioo cha simu, anacheka.

"Hebu ikuze," Mize alisema, akisogea kumpisha mkekani. "Kanga aliyovaa ni yangu."